Mbwa Aliyefundishwa Simiti

Mimi mbwa siwapendi. Nalisema mapema, mtu asije akadhani nimebadilika uzeeni. Kwetu mbwa ni mlinzi: anakula makombo, analala karibu na zizi la mbuzi, na akitia pua mlangoni anatupiwa kijiti. Hana chuki nami, wala mimi sina chuki naye. Lakini yule mmoja nilikaa naye chini ya paa moja, na mpaka leo nikiona mbwa mfupi, mweupe, masikio yamelala, hasira inanipanda.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka ule wa njaa tuliokula unga wa manjano. Nilikuwa nimeolewa Matsangoni na nina mtoto mchanga. Kazi nilifanya Watamu, kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekaa peke yake karibu na ufuo. Nikimfulia, nikimpikia, nikimtunzia nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi wa kusema na mzito wa kusikiliza, basi. Mbwa alikuwa wake, na jina la mbwa huyo lilikuwa refu kuliko la mume wangu ukiliunganisha na la baba yake.

Asubuhi moja nilimkuta ameketi chini jikoni, mkonga wa simu uko mapajani, mbwa amemlalia miguuni. Mamake amefariki huko kwao Ulaya. Alitaka aondoke siku ileile. Nyumba yake nayo ilikuwa imeezuliwa upande mmoja, mafundi wanashinda juu wakitupa chini makuti makuukuu, na kila likianguka kuti mbwa anakimbilia uvunguni. Jirani aliyezoea kuachiwa mbwa alikuwa safarini. Akaniangalia kwa macho mekundu, akaniuliza kama ningeweza kukaa na mbwa wake nyumbani kwangu mpaka arudi.

Ningesema nini? Nikamwambia nyumba si yangu, nitauliza.

Nyumba ilikuwa ya mavyaa, mamake mume wangu. Lazima nimweleze, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa huku na huku, leo kwa shangazi, kesho kwa mke wa baba. Nilipoingia pale kuwa mke, nilijua kuteka maji, kupika na kunyamaza. Mavyaa alinifundisha kujibu. "Mkaza mwanangu," alikuwa akiniambia, "ukikasirika sema. Mwanamke akimeza sana anavimba." Ndiyo maana leo nasema hivi nisemavyo. Yeye ndiye aliyenizalisha, yeye ndiye aliyenikanda tumbo, na nilipokwenda kazini yeye ndiye aliyebaki na mtoto mgongoni.

Na alikuwa na sakafu. Ndiyo, sakafu! Nyumba ilijengwa na marehemu mumewe kwa fito na udongo, kuta za udongo, chini udongo. Lakini udongo wa mavyaa haukuwa udongo wa watu wote. Ule mwekundu aliufuata mbali, akauchekecha kama unga, akauchanganya na kinyesi cha ng'ombe na maji kidogo kidogo, kisha akapiga magoti akausiriba kwa kiganja kutoka ukutani hadi mlangoni, akirudi nyuma. Ukikauka aliusugua kwa jiwe laini mpaka ukang'aa. Ungeweza kumwaga mchele pale ukauzoa bila punje ya mchanga. Kukiwa na harusi au matanga kijijini, walikuja kumwita awasiribie. Hakuwa na cheo kingine, na hakutaka kingine.

Binti yake mkubwa aliolewa Mombasa, akapata nyumba ya mawe yenye simiti na bomba la maji, na kila akituma salamu ni za kumwita mamake akakae huko. "Mama njoo upumzike." Mavyaa akicheka tu. Alisema simiti ni baridi, inaingia kwenye magoti. Lakini mimi kila salamu hizo zikifika, nilikosa usingizi. Si kwa ajili ya mtoto tu, ingawa bila yeye ningeacha kazi kesho yake. Akiondoka sina mtu wa kumwita mama. Hilo ndilo nililoliogopa, na sikuwa na jingine.

Basi nikamweleza habari ya mbwa, nikitaraji atakataa. Kwa kweli nilitaka akatae, niende nimwambie mama yule nyumbani hawataki. Mavyaa alikuwa akipepeta. Akauliza jambo moja tu.

"Amefiwa na mama?"

"Na mama, ndiyo."

"Basi mlete. Mfiwa hanyimwi kitu. Akikuomba moto unampa, akikuomba maji unampa. Huyu kaomba mbwa wake alazwe."

Nikasema, "Mama, yule mbwa analala ndani."

"Na alale ndani. Ni siku za matanga. Zitapita."

Akaletwa kwa gari. Akaletwa na godoro lake, bakuli lake, gunia la mchele na mikebe ya nyama. Majirani walisimama kando ya barabara wakitazama mchele ukiteremshwa. Mwaka ule, mwanangu! Watu wanapika unga wa manjano unaonuka stoo, na mbwa kaja na mchele wake. Mama mmoja akanipigia kelele, "Muulizeni huyo mgeni kama anatafuta mke!" Tukacheka sote. Mavyaa alipika mchele ule kwa sufuria ya peke yake na hakuonja hata punje, wala hakuniruhusu mimi. Alisema kula cha mfiwa aliyekuamini ni aibu.

Jioni ileile mbwa akaingia sebuleni, akanusa pembe moja, akanusa ya pili, akazunguka mara kadhaa, akachuchumaa katikati ya sakafu ya mavyaa akajisaidia. Haja kubwa. Tena alipomaliza, akajikunjua, akapiga teke kwa miguu ya nyuma, pa! pa! akirusha udongo nyuma yake kama yuko shambani. Kucha zikachimba mistari juu ya ule mng'ao.

Mimi nikashika mwiko. Mavyaa akanishika mkono. "Amechoka na gari," alisema. "Huenda tumbo limemvuruga." Akaleta jivu, akafunika, akazoa, akachota udongo wake akaziba mistari. Nilimwona akipapasa lile jeraha la sakafu kwa kidole gumba, polepole.

Kesho yake, alfajiri, nikamtoa nje. Nilimzungusha mikoroshoni mpaka umande ukanilowesha leso. Akakojoa, akajisaidia, nikamsifu kwa Kiingereza changu cha jikoni. Tukarudi. Mchana akakojoa nyuma ya mlango. Jioni akakojoa kando ya mtungi. Nje alijisaidia vizuri, na ndani alijisaidia vizuri vilevile, bila kujificha, bila haya, ananitazama usoni. Hilo ndilo lililonichoma. Mbwa wetu wa zizini akikosea huinamisha kichwa na kubana mkia. Huyu mkia uko juu.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Hao wahenga hawakuwahi kukaa na mbwa katika nyumba ya udongo! Sakafu ya udongo inakunywa. Ukifuta juu, chini imebaki, na jua likipanda na paa likipata joto, harufu inaamka. Na palipo na harufu mbwa anarudi papo hapo. Dawa ni moja: uchimbe. Basi tukachimba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini wetu jembe tulilishika sisi. Mavyaa akichimba palipolowa, anatupa udongo mbali, anajaza mpya, anashindilia, anasiriba. Lakini udongo mpya hauoani na wa zamani. Unakauka rangi nyingine. Sakafu ikaanza kuwa na viraka. Tukajaribu pilipili ya kusaga juu ya viraka. Mbwa akapiga chafya, akasogea kando, akakojoa pembeni. Tukajaribu siki niliyoitoa Watamu. Tukajaribu kulaza mkeka juu, na kweli mkeka hakuukojolea, aliutafuna.

Nikiwa nyumbani alinifuata kama kivuli. Nikienda kazini ndipo balaa lilipoanza. Mavyaa alinisimulia: nikishapotea barabarani, anakaa mlangoni akilia, kisha anaanza kuukwaruza mlango, kisha anatafuta chochote chenye harufu yangu. Alirarua leso yangu ya harusi. Alitafuna kamba za kitanda mpaka kitanda kikabonyea katikati. Siku mavyaa alipomfungia chumbani ili ampikie mtoto uji, alichimba ukuta. Ukuta wa udongo, ati! Alitoa udongo kwa makucha, akazitafuna fito zilizooza kwa chini, akatoka upande wa pili kichwa chekundu, akakaa uani akinisubiri. Niliporudi nilimkuta mavyaa amepiga magoti nje ya nyumba, anaziba tundu, mtoto mgongoni analia, na mbwa amelala pembeni yake kana kwamba wanasaidiana.

"Mimi nitamuua," nilisema. Nililimaanisha. Kulikuwa na fimbo ya kuchungia mbuzi pale, nikaiokota.

"Weka."

"Mama, amebomoa nyumba!"

"Nimesema weka. Mwenyewe analia huko, na huyu analia hapa. Utampiga kwa kulia?"

Nikaitupa fimbo. Lakini nilimwona alivyoinuka. Alishika ukuta, akasubiri, akajaribu tena. Magoti yalikuwa yamevimba kwa kusiriba kila siku kile kilichokuwa cha kila wiki. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema udongo wangu unapasuka, na ni kweli, sikuwahi kuupata mkono wake.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Kilifi, akirudi mwisho wa juma. Alipoiona sebule, alisimama mlangoni na mfuko wake mkononi. "Hii ndiyo nyumba ya baba?" akauliza. Akamfunga mbwa mkoroshoni kwa kamba ya katani. Mbwa akaikata kwa meno. Akamfunga kwa mnyororo. Mbwa akalia mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Mume wangu akaapa atamrudisha Watamu akamfungie kwenye nyumba isiyo na paa. Mavyaa akamkatalia mbele yangu. Alitoa neno lake kwa mfiwa, alisema, na mwanawe asimfanye mwongo.

Usiku huo, tukiwa tunakula, nilisikia mavyaa akimuuliza mwanawe, polepole, kama ule mtaa wa binti yake Mombasa una kanisa karibu. Niliacha kutafuna. Hakuwahi kuuliza habari za mtaa ule.

Basi nikasema potelea mbali, nitamchukua kazini nimpunguzie mama mzigo angalau siku moja. Lori la makuti lilikuwa likipita kwenda Watamu. Dereva akakubali kutupakia. Tukafika. Upande wa jikoni ulikuwa bado na paa. Mbwa aliingia, akanusa simiti, akalala. Alilala asubuhi nzima. Nilikuwa nikimchungulia nikiwa na tambara mkononi, tayari. Hakuna. Mchana akainuka, akaenda kwenye mlango wa jikoni, akaukwaruza kwa mguu mmoja kwa adabu, akanitazama. Nikamfungulia. Akaenda mpaka kwenye mchanga chini ya mti wa mkilifi, akamaliza haja zake, akapiga mateke mawili, akarudi ndani, akajipangusa miguu kwenye zulia. Nasema kweli, alijipangusa!

Damu ilinichemka. Kumbe anajua! Kumbe haumwi, hajachoka na gari, wala hana tumbo bovu. Kwa Mzungu anabisha hodi, kwetu anajimwagia tu. Nilimsimamia pale nikamtukana kwa Kigiriama, matusi ambayo sikuwahi kuyatumia kwa mtu. Na yeye akanilamba mguu.

Nikarudi nyumbani na hasira hiyo, nikaimwaga yote kwa mavyaa kabla sijamtua mbwa chini. Nilimwambia anatudharau. Nilimwambia kule anaomba ruhusa na hapa anatufanya choo. Alikuwa akichekecha udongo. Mikono ikasimama.

"Kule hakufanya hata mara moja?"

"Hata tone!"

Akatikisa chekecheo. "Kwa hivyo anajua," alisema, na akaendelea kuchekecha, lakini hakuimba. Kwa kawaida akichekecha anaimba. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, kwa sababu mpaka siku ile alikuwa akimhurumia mbwa, na mtu anayehurumia hachoki haraka.

Siku zilizobaki nilizihesabu kwa viraka. Mavyaa aliendelea kusiriba, lakini aliacha kusugua kwa jiwe. Nikimuuliza anasema itachafuka tena. Kijana mmoja akaja kumwomba akasiribe nyumba ya harusi kwao, akamwambia mikono inauma, atafutwe mwingine. Salamu za binti zilipofika tena, hakucheka. Alisema, "Mwambie nimesikia."

Hatimaye mama wa Kizungu akarudi. Tuliona gari linaingia uani mchana, vumbi nyuma. Alikuwa amekonda, nguo nyeusi inamning'inia, na mkononi ana kifurushi. Mbwa alimrukia mpaka akamwangusha kwenye mlango wa gari, na yule mama akamkumbatia kifuani akaficha uso kwenye manyoya yake. Hata mimi nilimhurumia. Kufiwa ni kufiwa.

Mavyaa alikuwa amejitanda leso safi. Akamkaribisha ndani. Asubuhi ile, kwa ajili ya mgeni, alikuwa amesiriba upya sebule yote, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa amechukua jiwe lake akaisugua. Viraka vilionekana, lakini kwa mbali. Akampa mgeni kiti, akaketi mwenyewe chini kwenye mkeka, akampa pole kwa taratibu zote, akamuuliza mama alizikwa wapi, na kama watu walikuwa wengi. Mgeni akajibu kwa Kiswahili chake kilichovunjika, machozi yanamtoka. Akafungua kifurushi: shuka nzuri ya rangi ya buluu, zawadi ya mavyaa. Mavyaa akaipokea kwa mikono miwili.

Na hapo mbwa akaja katikati ya sebule, akazunguka, akachuchumaa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimtazama yule mama nikingoja apige ukelele, aone haya, amfukuze mbwa wake. Alicheka. Alicheka sana, nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu azike, machozi na kicheko vimechanganyika, akajishika mdomo.

"Oh, pole, mama, pole sana," akamwambia mavyaa. "Hapana yeye mbaya. Mimi nafundisha yeye toka mtoto: simiti ni ndani, udongo ni nje. Yeye nafikiri hapa ni nje!"

Sijui kama alilisikia neno lake mwenyewe. Mbwa akamaliza, akapiga mateke yake mawili, pa! pa! Kucha zikapita juu ya ule mng'ao wa asubuhi.

Mavyaa akatabasamu. Nakuambia akatabasamu kama mwenye nyumba atabasamuvyo mgeni akimwaga chai. "Si kitu, mama," alisema. "Kwako pole. Mungu akupe nguvu." Akamsindikiza mpaka garini, akasimama pale na leso yake mpaka gari likatoka, mbwa ametoa kichwa dirishani akitutazama. Mimi sikupunga mkono.

Tukarudi ndani. Nikaleta jivu, nikazoa. Nikaleta karai la udongo, nikaliweka karibu naye, nikangoja apige magoti kama kawaida. Hakupiga. Aliketi mkekani na ile shuka ya buluu mapajani, akiangalia sakafu, kisha kuta, kisha lile tundu tuliloliziba kwa chini.

"Kumbe tulikuwa nje," alisema.

"Mama! Mbwa anajua nini?"

"Ndiyo nasema. Mbwa hamwonei mtu, wala hambembelezi mtu. Ameangalia, akaona pako nje."

"Amefundishwa upumbavu na mwenyewe! Kama angefundishwa kwamba simiti ni nje, angekojolea simiti. Asiyekujua hakuthamini, si wewe unayesema kila siku?"

Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Nilisema yote niliyofundishwa na yeye kuyasema. Nilimwambia nyumba hii ndiyo ya kwanza mimi kuingia nikaambiwa kwenu. Nilimwambia asinitende hivyo. Alinisikiliza, akanivuta nikae karibu naye, akanipangusa uso kwa pindo la leso.

"Sikukasirika, mwanangu," alisema. "Ningekasirika ningesiriba. Nimechoka."

Udongo katika karai ukakauka. Mwezi haukwisha, mume wangu akampeleka Mombasa, na mtoto akalia njia nzima kutoka nyumbani mpaka barabarani kwa kumtaka bibi yake. Mimi niliendelea na kazi muda kidogo, nikamwachia mtoto huyu na yule, kisha nikaacha. Yule mama wa Kizungu aliniuliza kwa nini. Nikamwambia mavyaa ameondoka. Akasema, kwa huruma kabisa, kwamba labda ni afadhali, Mombasa kuna hospitali nzuri. Mbwa wake alikuwa amelala jikoni kwenye simiti. Nilikunja aproni, nikaiweka mezani, nikaenda zangu.

Sakafu nilijaribu. Mungu shahidi, nilijaribu. Nilifuata udongo kulekule, nikachekecha, nikasiriba kutoka ukutani hadi mlangoni nikirudi nyuma. Ikipasuka siku ya pili, ninasiriba tena. Mvua za masika zilipokuja, viraka vyote vikafumuka, na mume wangu akaleta simiti kutoka Kilifi, mfuko kwa mfuko, kila aliporudi nyumbani, mpaka ikatosha sebule. Fundi akaimwaga, akaisawazisha kwa ubao. Watu walikuja kutupongeza. Tukanunua viti.

Mavyaa alikuja kututembelea kabla ya Krismasi. Alikuwa amenawiri kidogo, amevaa viatu vipya, na nilimwona tangu barabarani nikamkimbilia nikiwa na unga mikononi, nikamtua mzigo, nikambusu mkono. "Shikamoo mama!" "Marahaba, mwanangu, marahaba." Mtoto alimrukia akang'ang'ania shingoni. Nikatangulia ndani nikimwita, nikisema kwa mpigo, chai iko tayari, mboga ni ile uipendayo, ingia mama, ingia.

Sikusikia hatua nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba aliyojengewa na mumewe, amevua viatu, amevishika mkononi, anaangalia simiti.

"Nikae wapi?" aliniuliza.